Alama ya Mpira

Mchezo wa tenisi ukitazamwa kwa mbali huonekana mwepesi: watu wawili, wavu katikati, na mpira mdogo wa kupigwa huku na huku. Lakini sheria zake ni kama ardhi ya Geita. Juu ni udongo mtupu, na atakaye dhahabu hana budi kuchimba.

Watoto wa Katoro, waliozoea mpira wa miguu, wajua ya kuwa mpira haujatoka mpaka uvuke mstari wote mzima, hata ukiwa hewani. Basi wakija kwenye tenisi hufikiri mambo ni yale yale. Sivyo. Uwanja wa tenisi ya watu wawili una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23, na mpira waweza kuruka nje ya mistari yake upendavyo. Kinachotazamwa ni mahali ulipotua. Ukigusa mstari, hata kwa ukingo tu, ni mzuri. Ukitua kando ya mstari pasipo kuugusa, umetoka, ijapokuwa tumbo lake limening'inia juu ya chokaa. Tena mchezaji asimamaye nje kabisa akiudaka mpira kabla haujatua, amepoteza pointi, ingawa kila mtu aona ya kuwa ungeanguka mbali. Wengi hulia kwamba wameonewa. Lakini mpira usiotua bado haujatoka.

Haya ni madogo. Lililo kubwa ni hili: nani atasema mpira umetoka?

Mchimbaji mdogo aletapo dhahabu yake sokoni, macho yake hayabanduki kwenye mizani ya mnunuzi, wala hakuna wa kumlaumu. Katika tenisi isiyo na mwamuzi, kila mchezaji huamua mipira iangukayo upande wake mwenyewe. Yaani yule apataye faida mpira ukitoka, ndiye aulizwaye kama umetoka! Dhahabu ni yake na mizani ni yake. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, lililoanzishwa mwaka 1913, limeiona hatari hiyo, nalo laagiza ya kuwa mchezaji akiwa na shaka, shaka hiyo apewe mwenziwe, na mpira uhesabiwe kuwa mzuri. Aliyeona nusu hakuona.

Huko Wimbledon, Uingereza, mashindano yalikoanza mwaka 1877, huchezwa juu ya majani, na kwa miaka mingi walisimama watu wa kuangalia mistari. Mwaka 2025 watu hao waliondolewa, na mashine zikashika kazi yao. Lakini Paris, ambako huchezwa juu ya udongo, mwaka huo huo watu walibaki mistarini. Sababu moja ni kwamba udongo huandika. Mpira ukitua huacha alama, na mwamuzi hushuka kitini pake akaenda kuitazama.

Kwa jambo hili mtoto wa Katoro ana bahati, maana vumbi la kiangazi halina uhaba. Akichora mistari kwa majivu na kufunga kamba iwe wavu, uwanja wake utaandika kama ule wa Paris. Nazo sheria za uwanja wa udongo ni kali kuliko za sakafu ngumu. Juu ya sakafu, mchezaji aliyesema “nje” kisha akatambua kuwa amekosea, mara ya kwanza pointi yaweza kurudiwa. Juu ya udongo hakuna kurudia: amesema uongo au amekosea, ni mamoja, pointi imekwenda. Anayesema “nje” yapasa aweze kuonyesha alama. Na akiifuta kwa mguu wake kabla mwenziwe hajaiona, hata kama mpira ulikuwa umetoka kweli, huhesabiwa kuwa amekubali ya kwamba ulikuwa ndani.