Mishale ya Septemba

Mjukuu wangu alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Lugufu, akalelewa ile ya Nyarugusu, na sasa anaishi Louisville, Kentucky, pamoja na sehemu kubwa ya ukoo wetu. Septemba iliyopita alinipigia simu ya video. Hapa Baraka, Fizi, ilikuwa usiku, kwake jua bado kali. Alitaka nione alichoua: kulungu dume, wale wenye mkia mweupe, amelazwa nyuma ya pikapu, pembe zikiwa bado zimevikwa ile ngozi laini ya mwanzo wa msimu. Kando yake upinde wenye magurudumu na nyaya, ambao kwanza niliudhani kifaa cha fundi baiskeli. Akanieleza kwamba huko msimu wa mishale hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mapema kuliko ule wa bunduki. Unakata kibali, na dume mwenye pembe ni mmoja tu kwa mtu kwa mwaka. Kisha akauliza: "Babu, nanyi huko mliwahi kuwinda hivi? Wanyama wenu pembe zilikuwa na matawi mangapi?"

Matawi! Nilitaka kumjibu kwa ukali. Pembe ya pongo haina tawi. Inaota mara moja, inajisokota, na mnyama anakufa nayo. Haianguki kila mwaka kama za hao wa Kentucky. Lakini mtoto angejulia wapi? Wazazi wake waliondoka Fizi wakiwa wadogo, na sisi tuliorudi tumezoea kusimulia vita tu, kana kwamba kabla ya vita watu wa Fizi hawakuwa na shughuli nyingine.

Mjomba wangu alikuwa na upinde, na sababu haikuwa umaskini peke yake. Jeshi lilikuwa chini, waasi mlimani, sisi katikati. Mwenye bunduki aliulizwa na pande zote mbili: umeipata wapi, risasi unampa nani? Mlio mmoja tu uliwaleta wageni nyumbani. Upinde haukumsumbua mtu. Nadhani ndiyo maana kwetu uliendelea kufanya kazi wakati kwingine wazee walikwisha kuuchomeka darini. Nimejaribu kuutafuta mwaka ninaoukumbuka vizuri zaidi. Nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire na makuta bado yalinunua kitu, kwa hiyo ni 1973 au 1974. Dada yangu anashikilia 1972 kwa sababu ya harusi fulani. Basi na iwe 1972.

Msimu wetu ulifunguliwa na moto. Julai na Agosti majani ya vilima vya Fizi huchomwa, na hata kabla mvua ya Septemba haijashika, chipukizi hutokeza katikati ya majivu. Pongo, anayejificha mchana kutwa katika kichaka cha bondeni, hawezi kuziacha. Hutoka alfajiri na jioni kuzila, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi unamwona mwili mzima. Mjomba hakwenda kuwinda pongo yeyote. Alikwenda kumtafuta mmoja aliyemjua. Pongo hahamihami, ukimwona kwenye kichaka hiki mwaka huu, mwakani mtafute hapo hapo. Dume kijana ni mwekundu. Akizeeka anaingia weusi, nywele za shingoni zinakatika. Huyo ndiye aliyetakiwa. Majike walipita karibu kabisa nasi, mjomba hakuinua mkono, nami kwa njaa niliyokuwa nayo nikamwona mpumbavu.

Alibeba majivu katika kifuko cha kitambaa. Kila tuliposimama alipukusa kidogo na kutazama yanakoelekea. Kwetu usiku na alfajiri upepo unateremka kutoka milimani kwenda ziwani. Jua likipanda unageuka, unatoka ziwani. Kwa hiyo asubuhi ulikaa upande wa chini wa kichaka, na ulipaswa kumaliza kazi yako kabla ya huo mgeuko. Ukichelewa, pongo anakunusa, anabweka kama mbwa na kupotea, mkia juu, weupe wa chini yake ukionekana mara moja kati ya majani. (Nao mkia wake una weupe. Hilo nilimwambia mjukuu, akafurahi.)

Hatua ishirini kwa mjomba zilikuwa mbali. Alingoja mnyama ainamishe kichwa, avute mguu wa mbele, ndipo akaachia nyuma ya bega. Kisha tukakaa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo vijana hawaiamini: mshale umeingia, nyama iko pale kichakani, nanyi mnakaa chini. Damu yenye povu ni ya mapafu, utamkuta karibu. Damu nzito ya giza ni ya ini, mpe muda. Ukiona ujimaji wa majani, rudi nyumbani, njoo alasiri. Dume aliyejeruhiwa hujibanza na kungoja anayemfuata, na mbwa wetu, pamoja na njuga zao za mbao shingoni, walipasuliwa matumbo kwa namna hiyo. Alipopatikana, paja moja lilikwenda kwa mwenye ardhi, kichwa kwa wazee, na ngozi ikateremshwa Baraka.

Ngozi ilikwenda dukani. Lile duka lilikuwa kwenye barabara inayoshuka bandarini, na mwenyewe alikuwa Mwungwana, kofia ya kufuma kichwani, miwani imefungwa kwa uzi wa nyavu. Ukiingia, harufu ilikupokea kabla yake: mafuta ya taa, sabuni ya mawese, magunia ya ndagala, kamba mpya. Aliuza chumvi, ndoano, betri, vitenge. Vyembe vya mishale havikuonekana. Vilikuwa chini ya meza katika kopo la biskuti, vimepakwa mawese visishike kutu, vimefuliwa na wahunzi kutokana na springi za kamio zilizokufa njiani. Alivijaribu kwenye ukucha wa dole gumba: kisichochubua ukucha alikirudisha kwa mhunzi, na wahunzi walimchukia kwa hilo. Madeni aliyaandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, hivyo hakuna mdeni aliyeweza kusoma anadaiwa kiasi gani. Malalamiko yalikuwa mengi. Lakini nakumbuka kijana mmoja aliyekuja na pesa taslimu kutaka vyembe, na yule mzee akamuuliza swali moja tu: "Ukimchoma akakimbia, utamfuata mpaka wapi?" Kijana akacheka. Mzee akafunika kopo, akamuuzia chumvi.

Duka hilo halipo. Ukutani pake leo wanauza vocha za simu na, mkono huo huo, nyaya za breki za pikipiki. Nitaeleza nyaya hizo ni za nini.

Yaliyofuata ni mafupi. Sheria ya uwindaji ya 1982 ilitufikia kama uvumi. Zikaja bunduki za kienyeji, pupu, ambazo mara nyingine zilimuua mwenye kuzibeba. Mjomba akafa kitandani, kwa homa. 1996 tukavuka ziwa, na sijui upinde wake ulipikia chakula cha nani. Tuliporudi, milima ilikuwa na wenyewe wengine, kila kundi na jina lake na njaa yake. Itombwe, huko huko milimani, ikatangazwa hifadhi mwaka 2006, sheria mpya ya uhifadhi ikatoka 2014, na kibao kimoja cha hifadhi nilikiona njiani kimegeuzwa mlango wa banda la kuku. Huku Misisi dhahabu ilivuta maelfu ya watu, na mchimbaji anataka nyama jioni. Pikipiki zikaanza kushuka na magunia.

Hapo ndipo waya ulipoingia. Waya wa breki hufungwa tanzi, unawekwa njiani, mwenyewe anakwenda zake. Hauhitaji majivu wala alfajiri. Unakamata jike mwenye mimba, mtoto, mbwa wa jirani. Asiporudi mwenyewe, mnyama anaozea pale pale. Kisha vijana hao hao wanakuambia Fizi haina wanyama, wakikuonyesha Marekani kwenye simu.

Wiki jana sokoni nilisimama mbele ya mama mwenye vipande vya kukaushwa, nikauliza ni mnyama gani.

"Nyama ya pori, papa."

Pongo? Nsya? Nyani?

"Papa, nimesema ni nyama ya pori. Unachukua ama nimuuzie mwingine?"

Nikakigeuza kipande kimoja. Kilikuwa mguu, mwembamba mno kuwa wa mnyama aliyemaliza kukua. Nikasogea upande wa wauza ndagala, nao bei wameipandisha tena.