Daktari wa Karema aliyetoka Timbuktu

Asubuhi za Juni mjini Sumbawanga hazina mchezo. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mama anayempeleka mtoto kliniki humfunika blanketi hadi puani. Jina lenyewe la mji, wenyeji hueleza, ni amri kwa Kifipa: tupa uchawi. Hapo pana hospitali ya Kanisa Katoliki iitwayo Dk. Atiman, na si ajabu mgeni akadhani jina hilo ni la Mzungu.

Si la Mzungu. Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa, hadi mapadre wa White Fathers walipomkomboa huko Algeria. Baadaye wakampeleka Malta kusomea udaktari.

Kuona alikoanzia kazi, lazima uuage ubaridi wa Ufipa. Barabara inapita mashamba ya mahindi na maharage, inakatiza hifadhi ya Katavi hadi Mpanda, kisha inageuka magharibi kuteremkia Ziwa Tanganyika. Mzazi anayesafiri na watoto aweke sweta na kofia ya jua katika begi moja, atavihitaji vyote. Atiman alifika Karema mwaka 1889, kwa msafara uliotoka pwani.

Anayeanza kazi ya misaada ugenini hujiuliza, siku ile ya kwanza, kama atawaelewa anaokwenda kuwahudumia. Lugha ya mama yake Atiman haikuwa lugha ya Karema. Lakini kituo kile, kilichoanza kama ngome ya Wabelgiji na kukabidhiwa mapadre mwaka 1885, kilikuwa kimepokea watoto waliokombolewa utumwani. Mtoto anayeshtuka usiku akimlilia mama asiyejulikana aliko, daktari huyu hakuhitaji kuelezwa ana nini.

Masomo ya Malta hayakutosha. Akajifunza na dawa za miti kwa waganga wa huko, jambo ambalo madaktari wengi wa kigeni enzi zile walilidharau. Akaoa binti wa nchi ile, Agnes, na mtoto wao Joseph akawa padre. Kazi hiyo aliendelea nayo hadi uzeeni. Alifariki hapohapo Karema mwaka 1956, akiwa na miaka 90 hivi.