Mdondo Haukuja na Upepo

Koboko niliyokulia, miaka ya 1990, ilikuwa mji wa njia panda wa Uganda. Haikuwa wilaya bado. Hilo lilikuja 2005. Barabara ya kutoka Arua ilikuwa vumbi tupu, ikapita katikati ya soko na kuendelea kaskazini hadi Oraba, na ukivuka Oraba umeingia Kaya, Sudan. Kwa upande wa magharibi, Kongo ilikuwa jirani kiasi kwamba mtu aliondoka asubuhi na baiskeli yake, akauza, akanunua, akarudi kabla ya swala ya magharibi. Sokoni ulisikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiarabu cha Juba, lakini mtu na mtu wasiofahamiana walipopatana bei ya kuku, mara nyingi walipatana kwa Kiswahili.

Sisi ni Wanubi, na bibi yetu tulimwita Haboba. Mwaka 1980, vita vilipolishika eneo letu la West Nile baada ya kuanguka kwa Idi Amin, watu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Haboba alikuwa mmoja wao. Aliporudi miaka kadhaa baadaye hakuwa na ng'ombe wala mbuzi. Alianza na kuku. Mitetea waliangua vifaranga, vifaranga wakawa mbuzi, mbuzi wakawa ada ya shule ya mama zetu wadogo. Ndiyo maana katika ua wetu kuku hakuchukuliwa kama kiumbe cha kupitapita tu.

Banda lake lilisimama juu ya nguzo, kuta za udongo, paa la nyasi, sakafu ya fito zilizopangwa ili kinyesi kianguke chini. Alfajiri, akishamaliza kuswali, hakufungua mlango moja kwa moja. Alichutama kwanza chini ya sakafu na kijiti mkononi, akachokonoa kinyesi cha usiku. Chenye damu kilimpeleka kwa vifaranga. Chembamba cha kijani kilimfanya anyamaze, na tulijua kunyamaza kwake kulikuwa na maana gani. Kisha alifungua mlango nusu ili kuku watoke mmoja mmoja. Kuku mzima hutoka kwa fujo. Haboba alimtazama yule wa mwisho: upanga wa kichwani umepauka? Mabawa yameshuka? Akimtilia shaka alimkamata, akampapasa kifuko cha chakula shingoni, akamgeuza na kupepeta manyoya ya chini ya mkia kutafuta chawa. Kazi yote hiyo haikuzidi muda wa chai kuchemka, na sijaona daktari wa mifugo aliyenifundisha ukaguzi bora kuliko huo.

Kuhara damu kwa vifaranga alikujua kama ugonjwa wa ardhi mbichi, na alikuwa sahihi. Vijidudu vyake hutoka na kinyesi, navyo vinahitaji joto na unyevu kwa siku moja au mbili ndipo viweze kuambukiza. Kwa hiyo masika yakianza, vifaranga walihamishiwa penye mwinuko, chini ya veranda, na majani ya kulalia yakabadilishwa kabla hayajanuka. Utitiri nao aliuelewa tabia. Mchana hujificha kwenye nyufa za miti, usiku ndipo hutoka kunyonya damu, hivyo kumpaka kuku majivu peke yake ni nusu ya kazi. Alitoa kuku wote, akapitisha mwenge wa nyasi kwenye fito, akaziba nyufa kwa udongo mpya. Viota alivitandika majani ya tumbaku. Tumbaku haikuwa ya kutafuta. Ilikuwa zao la biashara la kwetu, kutoka Maracha hadi Koboko, na mabua yake yalizagaa kila uani.

Kitu nilichokipenda zaidi ni chungu cha mchwa. Jioni tulijaza chungu kikuukuu nyasi kavu na samadi, tukalowesha kidogo, tukakifunika juu ya tundu la mchwa. Asubuhi kilikuwa kimejaa, na vifaranga walikishambulia kama watoto wa madrasa kwenye sahani ya pilau. Protini hiyo haikumgharimu mtu hata shilingi moja. Haboba alilalisha mitetea wawili au watatu usiku mmoja ili waangue pamoja siku ya ishirini na moja, kisha gizani akawakusanya vifaranga wote chini ya mama mmoja. Wale wengine walirudi kutaga mapema. Yule mlezi alikaa na wanawe ndani ya tenga mpaka vifaranga waanze kuota manyoya ya mabawa, maana angani kulikuwa na mwewe ambao nadhani walizijua nyumba zote za mtaa wetu.

Halafu ilifika Desemba.

Mvua zilikatika, upepo ukaanza kuvuma kutoka kaskazini, vumbi likatanda, na mdondo ukaingia. Wengine huuita kideri. Kuku aliyekuwa akiparua asubuhi alisimama jioni macho yamefumba, mdomo wazi, akihema. Kesho yake kinyesi kijani, shingo imepinda kama anayetazama nyota, na keshokutwa banda zima. Wazee walisema ni ugonjwa wa upepo. Siwacheki. Upepo na mdondo vilifika wiki ileile kila mwaka, na mtu anayetumia macho yake angeviunganisha.

Lakini Desemba ilileta kitu kingine pamoja na upepo, nacho ni sikukuu. Miaka ile ilikuwa mizito kuliko kawaida: kuanzia 1998 hadi 2002 Idi ndogo iliangukia Januari au Desemba, ikabanana na Krismasi na mwaka mpya. Waislamu na Wakristo wa Koboko walitaka kuku kwa wakati mmoja. Kuku walimiminika kutoka Ariwara ya Kongo, Maracha na Yumbe, wamefungwa miguu, wananing'inia vichwa chini kwenye mipini ya baiskeli. Walirundikwa sokoni pamoja kutwa nzima. Wasiouzika walirudishwa nyumbani, wakaachiwa waingie bandani na wenzao. Na aliyeona kuku wake wawili wamesinzia alijua la kufanya: kesho alfajiri aliwapeleka wote sokoni kabla bei haijaanguka. Ugonjwa ulisafiri kwa baiskeli, ukalipiwa hata ushuru wa soko.

Tena kulikuwa na kisu. Kwetu kuku aliyekufa mwenyewe ni mzoga, haliwi. Hivyo mabawa yakishuka tu, watoto walitumwa mbio kumwita mwanamume yeyote aliye karibu aje achinje. Wiki ya mdondo kila nyumba ilinukia mchuzi, na sahani zilivuka ua kwenda kwa jirani Mlugbara na kwa jirani Mkakwa, kwa maana nani angeweza kula kuku sita kwa siku? Nyama yenyewe ikiiva haina neno. Virusi vya mdondo havimdhuru binadamu zaidi ya kumwashia macho mekundu siku chache. Tatizo lilikuwa nyuma ya jiko. Maji ya kunyonyolea, manyoya, matumbo, vyote vilimwagwa kwenye migomba, na kuku wa mtaa mzima, pamoja na mabata, walikwenda kuparua hapo. Bata huweza kuvibeba virusi bila kuugua sana, kisha akaviingiza kwenye nyumba ambayo hata sokoni hawakwenda. Ukarimu wetu ulitusaidia sana kuueneza ugonjwa.

Tiba hazikukosekana. Pilipili iliyopondwa kwenye maji, mwarobaini, shubiri, majivu. Vijana waliotoka shule waliona hayo ni ya kizamani, wakanunua vidonge vya rangi mbili dukani, vile vya watu, wakavipasua na kumwaga unga kwenye maji ya kuku. Mdondo ni virusi. Vidonge vile huua bakteria, virusi havivigusi. Aliyepona alipona kwa bahati, na sifa ikaenda kwa kidonge. Tabia hiyo haijaisha mpaka leo, na naiona mbaya kuliko pilipili, kwa sababu pilipili haimfundishi bakteria yeyote kuizoea dawa.

Haboba alipoteza kuku kama wengine, ila si wote, na kwa hilo majirani walimtazama kwa jicho la pembeni. Siri yake ilikuwa sheria moja ambayo hakuna mgeni aliyesamehewa: kuku aliyetoka sokoni, hata akiwa zawadi ya shemeji, hakulala na wenzake. Alifungwa mguu upande wa pili wa nyumba, karibu na choo, na bakuli lake mwenyewe, mpaka wiki mbili zipite. Mara moja mjomba aliyetoka Yei alileta jogoo mkubwa, akaona amefungiwa chooni, akauliza kwa hasira ikiwa yeye naye atalala huko. Haboba alimjibu, "Wewe hukupanda baiskeli na kuku mia, mwanangu. Yeye alipanda." Na manyoya aliyachimbia shimo.

Nilipohamia Arua kusoma, nilikaa kwa baba mdogo, si mbali na soko kuu. Ua ulikuwa mdogo, kuku walibanana, na hapo ndipo nilipoonana na chanjo kwa mara ya kwanza. Dawa yenyewe ilikuwapo kwenye duka la dawa za mifugo. Shida zilikuwa mbili. Chanjo tuliyoizoea, La Sota, ni virusi hai visivyo vikali, na joto huviua, na umeme wa Arua wakati huo ulikuwa wa jenereta, wa saa chache. Maji ya mto Nyagak hayakuanza kutupa umeme hadi 2012. Muuzaji mwaminifu aliweka barafu kwenye chupa ya chai na kukuambia uende mbio. Asiye mwaminifu alikuuzia maji ya uvuguvugu, ukachanja, kuku wakafa, ukaapa kwamba chanjo ni uongo.

Shida ya pili ndiyo iliyokaa kichwani mwangu zaidi. Chupa moja ilikuwa ya kuku mia na kuendelea, na ikishachanganywa haikai; ndani ya saa chache ni ya kumwaga. Baba mdogo alikuwa na kuku wasiozidi kumi na wawili. Hesabu ikawashinda wengi: kwa nini nilipie kuku mia? Jibu lilitoka kwa mama mmoja muuza mihogo wa mtaa wetu. Aliwazungukia majirani, akahesabu kuku wao, akagawa bei ya chupa kwa idadi ya vichwa. Siku ya chanjo tuliamka kabla ya mwanga, kuku wangali ndani. Sisi watoto tulishika: kuku analazwa ubavu, jicho moja juu, tone moja linadondoka, unangoja apepese ndipo umwachie. Anayeonekana mgonjwa aliachwa, kwa kuwa chanjo haiponyi, na mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga.

Siku hizi iko chanjo inayostahimili joto, ya aina ya I-2, iliyotengenezwa Australia na Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Tanzania inaitengeneza yenyewe kwa miaka mingi sasa. Nayo ni tone la jicho vilevile, nayo pia inataka majirani.

Kejeli ni kwamba dunia inaijua West Nile kwa ugonjwa mwingine wa ndege. Mwaka 1937 watafiti wa Entebbe waliokuwa wakitafuta homa ya manjano walipata virusi vipya katika damu ya mwanamke wa Omogo, wakavipa jina la wilaya yetu ya wakati huo, West Nile. Mwaka 1999 virusi hivyo vikaua kunguru New York. Kuku wakiambukizwa hawaugui, na Wamarekani huwafuga makusudi ili kupima damu yao na kujua kama mbu wa eneo hilo wanavyo. Kuku wa Haboba havikumwathiri hata mmoja. Kilichowamaliza ni safari zetu za sokoni.

Tangu hapo lami imefika, kutoka Vurra hadi Oraba, na kuku wanasafiri haraka zaidi kuliko zamani. Kuku wa aina ya Kuroila nao wamekuja, wakubwa, wenye kutaga sana, na mdondo huwaua kama wa kienyeji. Kwa hiyo wewe mwenye kuku wanane uani, usingoje Desemba. Oktoba zunguka mtaani, hesabu vichwa, changeni chupa moja, mchanje Novemba, mrudie Machi na Julai. Wa sokoni alale peke yake wiki mbili, na manyoya ya Krismasi na ya Idi yafukiwe.