Washana wa Baridi

Sisi Wapare tuliozaliwa baada ya mgomo wa kodi ya mbiru na kabla ya uhuru tulijua mawe ya aina mbili: ya kujengea na ya kuuza. Ya kujengea tuliyabeba vichwani siku za msaragambo, shule zikasimama milimani. Ya kuuza yaliwateremsha wenzetu bonde la Umba, na tanzanaiti ilipoonekana mwaka 1967, wakakimbilia Mererani. Jiwe la kuulizwa swali hatukuwa nalo. Nasema hivyo bila kinyongo, maana nami nimefundisha fizikia kwa chaki na mche mmoja wa kioo wenye ufa.

Wanaoyauliza mawe wanawinda nyutrino. Wolfgang Pauli aliibuni chembe hiyo mwaka 1930 ili hesabu za nishati zikubaliane, nasi tukaiandika ubaoni hivyo hivyo, herufi ya kusawazisha mlinganyo. Kumbe zinazotoka kwenye jua tu, takribani bilioni 60 hupenya ukucha wa kidole gumba kila sekunde, wala husikii kitu.

Huko Italia, chini ya mlima Gran Sasso, wametandaza fuwele mahali palipofunikwa na mwamba wa mita 1,400 unaokinga miale ya angani. Fuwele hizo hupoozwa hadi karibu sehemu moja ya mia ya digrii juu ya sifuri kamili. Katika baridi ya namna hiyo, chembe moja tu ikiachia nishati ndani ya fuwele, joto lake hupanda kiasi cha kusomeka. Fuwele ikiwa ya jamii inayong'aa, kama ile ya lithiamu na molibdenamu inayoandaliwa kwa mradi wa CUPID, hutoa na mwanga kidogo. Joto peke yake halimtambulishi aliyebisha hodi. Chembe ya alfa, uchafu wa mionzi kutoka vyuma vya jirani, huleta joto sawa na la elektroni lakini mwanga wake ni hafifu, basi hutupwa nje. Wanachotafuta ni elektroni mbili zinazotoka kwenye atomu moja bila nyutrino yoyote. Zikionekana, itajulikana kwamba nyutrino ndiyo kinyume chake yenyewe, kama Ettore Majorana alivyowaza mwaka 1937. Hazijaonekana.

Washana wa Ugweno, wahunzi wetu wa kale, nao walisoma joto la chuma kwa rangi ya mwanga wake kabla ya kukigonga. Hawa wa Gran Sasso ni Washana wa baridi.

Kinga ya fuwele 988 za CUORE, mradi uliotangulia, imetiwa risasi ya Warumi iliyoopolewa kwenye meli iliyozama karibu na Sardinia miaka 2,000 hivi iliyopita. Risasi mpya ina mionzi yake, na nusu ya mionzi hiyo hupotea kila miaka 22 hivi. Ya kale imeshatulia. Katika umri wangu, nilifurahi kusikia kuna maabara inayopendelea vikongwe.

Ufaransa, karibu na mitambo ya nyuklia ya Chooz, mradi wa NUCLEUS, wa kuwinda nyutrino za mitambo hiyo, umeandaa vipande vidogo vya safaya. Safaya ni kitu kilekile cha Umba, oksidi ya alumini, ila yao hukuzwa tanuruni ikiwa safi. Mchukue dalali wa vito mwenye tochi ya urujuanimno. Akiimulika spineli ya Mahenge, inawaka nyekundu papo hapo. Akiimulika safaya ya Umba, mara nyingi haijibu, kwa sababu chuma kilichomo huuzima mwanga. Dalali analijua hilo kwa macho, na kwalo anapanga bei. Mwanawe yuko kidato cha nne, na hakuna aliyemwambia kwamba baba yake anafanya fizikia.

Wajukuu hunijibu kwamba hayo ni ya wenye maabara. Lakini mwaka 1965, mojawapo ya nyutrino za kwanza kabisa za angani ilionekana katika mgodi wa dhahabu wa East Rand, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, na kundi la Frederick Reines na Friedel Sellschop. Migodi ya Rand ndiyo iliyokuwa ikiwazoa vijana wa kusini mwa Tanganyika kupitia Wenela, wakala wa kuajiri. Leo Chuo Kikuu cha Antananarivo kimo katika mradi wa nyutrino wa DUNE, na mwaka 2016 shule ya Afrika ya fizikia ya msingi ilifanyika Kigali, ambako mtu wa Same hufika kwa basi.