Baba Watoto na Feri ya Mtongwe

Mume wangu alilitumikia Jeshi la Wanamaji la Kenya mpaka akastaafu. Ninaotoa hapa ni ushuhuda wa yale yaliyompata kazini yakaja kuishi nasi nyumbani, na jinsi alivyoendelea kuwa baba katikati ya hayo yote. Kanisani niliombwa mara nyingi niseme, nikawa nakwepa kwa kuwa siri haikuwa yangu peke yangu. Sasa ameniruhusu mwenyewe: "Mama watoto, waeleze. Wako wenzetu wanaoteseka kimyakimya."

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi watu wakienda kazini kisiwani Mombasa, feri ya Mtongwe ilipinduka mita kama 40 tu kutoka ukingoni. Iliundwa ibebe watu 300. Siku ile ilikuwa imebeba kama 400, na 272 wakafa. Kambi ya wanamaji iko papo hapo Mtongwe, na mume wangu akawa miongoni mwa walioingia majini. Yeye alikuwa fundi wa injini za meli, si mpiga mbizi, lakini siku ile hakuna aliyeulizwa kazi yake. Wapiga mbizi waliibua maiti, yeye na wenzake wakazipokea kwenye boti na kuzilaza ufuoni. Baadhi ya maiti zilikuwa za watu aliosalimiana nao kila asubuhi njiani.

Aliporudi nyumbani alioga, akakaa kidogo, akaenda kuoga tena. Chakula hakukigusa. Nikadhani ni uchovu.

Wiki chache baadaye nilikuwa nafua, leso moja ikadondoka sakafuni karibu na mlango, imerowa, imejikunja. Akaingia, akaiona. Alisimama palepale jasho likimtiririka, mguu hauendi mbele wala nyuma. Niliiokota, nikaikamua, nikaikunjua mbele yake kwa mikono miwili: "Ni leso, baba watoto. Ni leso yangu." Ikapita muda kabla hajaweza kukaa. Tangu hapo nguo mbichi haikulala ndani ya nyumba yetu, na watoto walijua bila kuelezwa sana kwamba za kuanikwa zianikwe kabla baba hajarudi.

Kazini aliendelea kwenda. Meli za jeshi alipanda, na doria za mbali alikwenda. Kilichomshinda ni feri, ule umati uliosimama bega kwa bega. Na sisi wa ng'ambo ya Likoni tungeishije wakati ule bila feri? Mama yangu alipofariki Kilifi, mimi na watoto tulivuka. Yeye alizunguka Kwale, Kinango, Mariakani, Kaloleni, ndipo akashuka Kilifi, siku nzima ikaishia barabarani kwa ajili ya maji yasiyozidi upana wa nusu kilomita. Lakini alifika. Alishika koleo pamoja na kaka zangu, akamzika mama mkwe wake. Hilo ndilo ninalotaka watu walijue juu yake. Hofu hakuitumia hata siku moja kama sababu ya kutuacha. Aliibeba akaja nayo. Karo ililipwa. Sare za shule alizipiga pasi mwenyewe Jumapili usiku, mikunjo imenyooka kama ya gwaride. Na alipozinduka na ndoto saa nane za usiku alichukua tochi, akapita kitanda kwa kitanda kuwahesabu watoto.

Majirani walisema ana pepo wa baharini, nimpeleke kwa mganga. Ndugu zake kutoka bara walisema askari hulia moyoni tu. Siwalaumu. Miaka ile mambo ya afya ya akili hayakuzungumzwa mtaani wala kanisani, na hata mimi nilikuwa napapasa gizani.

Alipostaafu alianza kutengeneza mashine za boti za wavuvi, akawa na nafasi ya mchana. Nikamwomba twende tukae tu mahali tunapoiona feri, alasiri, kabla watu hawajaanza kurudi kutoka kazini. Tulinunua viazi karai, tukala, tukarudi nyumbani. Tukazoea hivyo. Baadaye tukasogea hadi langoni, kisha hadi kwenye mteremko wa kupandia, na aliposema tugeuke, tuligeuka. Sikumvuta mkono, sikumwambia jikaze. Ilifika siku akanishika mkono yeye, tukapanda. Alisimama kando ya reli, macho kwenye maboya ya kuokolea, midomo imekauka. Tukashuka ng'ambo, tukapanda tena kurudi.

Usiku ule alizungumza. Alinieleza habari za maiti ya mwanamke mmoja aliyoipokea botini, mkoba ungali begani, na ndani yake kibakuli cha chakula cha mchana kimefungwa kwa kitambaa, fundo halijalegea. Miaka yote ile alikuwa na fundo hilo machoni. Nilisikiliza mpaka adhana ya alfajiri, sikumkatiza.

Baadaye daktari wa kliniki alituambia kwamba kukisogelea polepole kile unachokiogopa ni sehemu ya matibabu yenyewe, akampa mnasihi wa kukutana naye kila wiki. Kusikia kwamba ni maradhi, na yana tiba, kulimtua mzigo ambao mimi peke yangu nisingeweza kuutua.

Tangu Kenya iingie Somalia Oktoba 2011, na wanamaji wetu kushiriki kuuteka Kismayu mwaka uliofuata, wake vijana wa askari wamekuwa wakinijia. Huja Jumamosi na waume zao. Wanaume hukaa na baba watoto uani, kwenye injini alizozifungua, mikono ikiwa na kazi maana ndipo ulimi hufunguka. Mimi hukaa na wake jikoni, na swali langu la kwanza ni kama wao wenyewe wanalala, kwa sababu hakuna anayewauliza. Juzi mmoja akaniuliza itachukua muda gani. Sikumficha: kwetu ilichukua miaka, na kila Aprili bado kuna usiku ambao tochi inawashwa. Nikamsihi wasingoje kama tulivyongoja, waende kliniki Jumatatu. Baba watoto akasikia kutoka uani, akasema atatangulia alfajiri akamshikie mumewe foleni.