Watoto wa Mto Mmoja

Maji ya Luama hupita nchi ya Kabambare yakaingia Lualaba. Nayo Lualaba hupita karibu na Kasongo, ikashuka Kisangani na kufika Brazzaville. Huko tulikwenda kutazama Bilili, sikukuu ya hadithi za picha, iliyoanzishwa mwaka 2016 na mchoraji wa Kameruni, Joëlle Epée Mandengue, aitwaye Elyon's. Bilili kwa Kilingala ni picha.

Sikukuu hii ni ndogo kuliko ile ya Angoulême, Ufaransa, iliyoanza mwaka 1974. Lakini udogo huo una faida: mtoto aweza kusimama kando ya mchoraji, akaona jinsi mstari mmoja unavyogeuka kuwa uso wa mtu.

Tukamkumbuka Barly Baruti, mchoraji asomwaye hata Ulaya. Alizaliwa Kisangani mwaka 1959, ukingoni mwa mto wetu huu huu.

Basi, mzazi wa Kasongo au Kabambare amwonapo mwanawe akichora ukutani kwa mkaa, asikimbilie fimbo. Ampe karatasi, kisha amsimulie habari za wazee. Hadithi isiyochorwa wala kuandikwa huzikwa pamoja na msimulizi wake.