Mkuki Juu ya Barafu

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, maziwa huganda wakati wa baridi kali hata watu wakatembea juu yake, mradi barafu isipungue unene wa sentimita 10. Mvuvi hukata tundu pana, akasimamisha juu yake kibanda kisicho na dirisha. Ndani ni giza, bali maji huangaza, kwa kuwa nuru ya nje hupenya barafu. Hapo huchezesha kwa uzi samaki wa mti, kama wafanyavyo Waojibwe, wenyeji wa asili, tangu zamani. Paiki, samaki mla wenzake, hujongea. Mvuvi hukadiria kwanza urefu wake, maana sheria imeweka mipaka, na aliyechomwa mkuki harudishiki majini. Ndugu msomaji, kurupuka si ushujaa. Shujaa ni ajuaye kuuzuia mkono wake.